Saa Moja ya Historia Katika Mkutano wa Mbai

Kila Desemba barabara ya kutoka Nairobi kwenda Machakos hujaa magari yanayowarudisha watu nyumbani, na katika wiki hizo chache za likizo Ukambani hufanyika mikutano mingi ya mbai. Mbai ndio ukoo. Kuna Aombe, Atangwa, Anzauni, Aethanga, Akitondo na nyingine nyingi, kila moja na viongozi wake, daftari lake la michango na watu wake waliotawanyika kutoka Mombasa hadi ng'ambo. Wanaukoo huketi chini ya turubai, huomba, huchangia karo ya mtoto wa huyu na deni la hospitali la yule, hula muthokoi na nyama, kisha huagana. Historia hupata dakika mbili mzee mmoja anaposimama kusalimia na kutaja majina matatu ya mababu, ambayo hakuna anayeyaandika.

Wanaotaka kuijua asili ya familia zao mara nyingi hufikiri kwamba kazi hiyo inahitaji chama maalumu, kama ile Society of Genealogists iliyoundwa London mwaka 1911. Huko Ulaya walilazimika kuunda vyama kwa sababu jamaa walikuwa wameacha kukutana. Katelembo na vitongoji vyote vya Machakos havina shida hiyo. Watu wanakutana, tena kwa wingi. Kilichopungua ni kuitengea historia saa moja ndani ya mikutano iliyopo, na kuiandaa saa hiyo kwa bidii ileile inayotumika kuandaa harambee.

Jina la Katelembo, karibu na mji wa Machakos, limejulikana mbali kupitia chama cha ushirika cha kilimo na ufugaji cha Katelembo Athiani Muputi, na jina hilo refu peke yake linaonyesha kwamba watu wa sehemu zaidi ya moja waliunganishwa na ardhi. Vyama na kampuni za aina hii vilienea Machakos wakati ranchi za walowezi zilipokuwa zikirudi mikononi mwa Waafrika. Kwa mtafiti wa familia, daftari la wanachama wa ushirika wowote wa namna hiyo ni hazina ambayo wachache huikumbuka. Hutaja mwanachama wa kwanza, hutaja aliyerithi hisa zake, na mara nyingi uhusiano kati ya wawili hao. Palipoandikwa kwamba hisa zimepita kutoka kwa shangazi kwenda kwa mpwa, pana hadithi ya familia inayongoja kuulizwa.

Haraka ya kazi hii haina chumvi ndani yake. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, kwamba marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo mtu hai aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Muda huo hufika vizazi vinne au vitano hivi. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huingia Zamani, na jina lake huyeyuka. Hebu mtu apige hesabu hiyo kwa familia yake mwenyewe. Mtoto aliyeokoka njaa ya Ngomanisye mwaka 1898 na 1899 huenda alifariki miaka ya 1960 akiwa mzee. Wajukuu waliokaa miguuni pake wakamsikiliza sasa wana miaka 70 na 80. Hakuna wengine nyuma yao.

Kabla ya kupanga chochote, mwandalizi anafaa kuiondoa hofu ya shamba. Machakos, mtu akianza kuuliza nani alizaliwa na nani na nyumba ipi ilitangulia, wengi husikia swali jingine: nani arithi nini. Hofu hiyo ina msingi. Kesi za urithi huanza kwa orodha ya warithi, na mara nyingi orodha hiyo huanza kwa barua ya chifu. Familia nyingi zimewahi kugawanyika juu ya jina moja lililoachwa nje. Kwa hiyo mwaliko useme wazi, na mwenyekiti arudie siku yenyewe, kwamba saa ya historia si kikao cha ardhi, kwamba kitakachoandikwa hakitapelekwa mahakamani wala kwa afisi ya ardhi, na kwamba kila nyumba itapewa nakala. Ahadi hiyo itimizwe bila kuyumba. Ikivunjwa mara moja tu, wazee hawatafungua mdomo tena.

Jambo la pili ni walioalikwa. Mikutano ya mbai huwa na wanaume wengi mbele na akina mama jikoni, na hapo utafiti hupoteza nusu ya kumbukumbu. Shangazi aliyeolewa Kangundo au Mwala miaka 50 iliyopita anakumbuka boma la baba yake lilivyokuwa siku aliyoondoka, na mara nyingi anakumbuka vizuri kuliko kaka zake walioliona likibadilika kidogo kidogo hadi sura ya zamani ikafutika. Aitwe, atumiwe nauli. Ziitwe pia nyumba zilizohama. Mwaka 1992 Makueni ilitengwa na wilaya ya Machakos, lakini hata kabla ya hapo serikali ya kikoloni, baada ya Vita vya Pili, ilikuwa imehamishia watu huko kwa mpango wa makazi ili kupunguza msongamano milimani. Wengine walikwenda Yatta, wengine Shimba Hills huko Kwale, na Wakamba wa Rabai walikuwa pwani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Ukoo unaomjua kila mtu aliyebaki Katelembo na usiomjua yeyote wa Kwale una nusu ya mti.

Jambo la tatu ni mhadhara wa mgeni. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kumwalika mtu aje azungumze juu ya historia ya Wakamba. Mada hiyo haina mwanzo wala mwisho, na wasikilizaji huondoka wakiwa wamesikia tena juu ya kiongozi Masaku na utabiri wa nabii Syokimau bila kupata kitu cha kwenda kufanyia kazi. Mgeni apewe mada moja nyembamba na dakika 30. Kwa mfano, jinsi ya kusoma daftari la ubatizo. Au kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, kilikuwa na maelezo gani. Au nini hasa kilitokea mwaka 1938.

Hiyo ya mwisho inastahili kuelezwa, kwa sababu katika Machakos haiko mbali na familia yoyote. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, ikidai kwamba mifugo ilikuwa imezidi uwezo wa ardhi. Mwaka huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinaanza kazi Athi River. Maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association, walikwenda Nairobi mwezi wa Julai kutaka kumwona gavana, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kuisha serikali ilikuwa imelegeza kamba. Mzungumzaji akilieleza hilo kwa nusu saa, kisha akauliza, "Nani hapa alisimuliwa na baba au babu yake kuhusu safari hiyo?", mikono itainuliwa. Hapo kazi ya ukoo ndiyo imeanza, kwa sababu kila mkono ni mahojiano ya baadaye. Mtu mmoja aandike majina ya wenye mikono hiyo palepale, wasije wakasahauliwa wakati wa chakula.

Wazungumzaji hawako mbali. Machakos ina chuo kikuu chake, kilichopewa hati mwaka 2016, na Kitui kuna kile cha South Eastern Kenya. Mwalimu mstaafu wa historia, katekista aliyetunza madaftari ya parokia, karani wa zamani wa ushirika, mfanyakazi wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa: yeyote kati ya hao akipewa mada yake mapema atafanya kazi nzuri kuliko mgeni mashuhuri asiyejiandaa.

Lakini kiini cha siku ni wazee, na hapa inafaa kutulia.

Mzee asipewe kipaza sauti mbele ya watu 200 akaambiwa aeleze historia ya ukoo. Atatoa hotuba, nayo hotuba huwa na mababu mashujaa watupu. Atafutiwe kivuli pembeni, asubuhi kabla jua halijamchosha, awe na wasikilizaji watatu au wanne: mmoja anauliza, mmoja anaandika, mmoja anashika simu ya kurekodi, na ikiwezekana mzee mwenzake wa rika moja akae kando yake. Wazee wawili husahihishana, na mabishano yao ni ushahidi mzuri. Mahojiano yafanywe kwa Kikamba ikiwa ndiyo lugha ya ndoto zake. Tafsiri itakuja baadaye. Vijana waliolelewa mjini waje na maneno ya heshima, susu kwa nyanya na umau kwa babu, na wamwache amalize sentensi yake hata kama imezunguka mlima mzima.

Swali la mwaka wa kuzaliwa liachwe. Wengi wa rika hilo waliandikiwa tarehe na karani aliyekisia, ndiyo maana vitambulisho vingi vya wazee vinaonyesha Januari 1. Ukambani kuna kalenda nyingine, kalenda ya njaa, na kila njaa ina jina. Ngomanisye iliua watu pamoja na ndui na tauni ya ng'ombe, ikawatawanya wengine hadi Ukikuyu kutafuta chakula, na baadhi ya watoto walioachwa huko hawakurudi. Ukoo unaokosa mtu kati ya 1898 na 1900 unaweza kumtafuta Murang'a. Mwaka 1961 ilikuwa njaa ya Ata, inayokumbukwa kwa unga wa msaada. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja Nikw'a Ngwete, wakati watu walipokabwa na njaa wakiwa na pesa mkononi kwa kuwa dukani hapakuwa na cha kununua.

Muulizaji akizijua hizo, mahojiano hubadilika. Susu akiulizwa alizaliwa lini, atacheka. Akiulizwa, "Wakati wa Ata ulikuwa umeshaolewa?", atajibu bila kusita kwamba alikuwa ameolewa na alikwenda kupiga foleni ya unga akiwa na kifungua mimba wake mgongoni, bado hajaanza kutembea. Jibu hilo moja limezaa tarehe mbili. Mtoto alizaliwa 1960 au mwanzoni mwa 1961, na kama mama aliolewa akiwa na miaka 17 au 18 hivi, basi yeye mwenyewe alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Swali linalofuata ni nani wa wakwe zake alikuwa hai siku zile, na kizazi cha nyuma kinajitokeza. Matukio mengine yatumike kwa namna hiyohiyo: vijana walipochukuliwa kwenda Burma, uhuru wa 1963, kifo cha Kenyatta Agosti 1978.

Majina nayo hubeba habari. Mutuku na Nduku huzaliwa usiku, Kioko asubuhi, Wambua na Mumbua wakati wa mvua, Kyalo safarini, Wayua wakati wa njaa. Mbiti, jina la fisi, mara nyingi hupewa mtoto aliyefuata baada ya ndugu zake kufa wachanga, kwa hiyo jina hilo kwenye mti linaomba swali la upole kuhusu watoto waliotangulia. Ila jina halithibitishi jambo peke yake. Desturi ya kumwita kifungua mimba wa kiume jina la babu mzaa baba ina maana kwamba huenda Kyalo wa leo hakuzaliwa safarini. Huenda amerithi safari ya mtu mwingine. Desturi hiyohiyo huwatesa watafiti, maana ukoo unaweza kuwa na Mutua wa Kyalo wa Mutua wa Kyalo, na binamu wanne wenye jina lilelile. Dawa ni kuandika kila mtu pamoja na jina la mama yake na mahali alipojenga. Mutua mwana wa Nduku, wa Muputi, hatachanganywa na Mutua mwana wa Wayua.

Karatasi nyingi za miti ya ukoo zinazopatikana kwenye intaneti zimechorwa kwa familia ya mume mmoja na mke mmoja. Zikitumiwa Ukambani zitadanganya. Boma la wake watatu lina nyumba tatu, na kila nyumba inajihesabu peke yake. Kuna pia iweto: mwanamke asiyejaliwa mtoto, au asiye na mwana wa kiume, anaweza kuiolea nyumba yake mwanamke mwingine kwa mahari, na watoto wa iweto ni watoto halali wa nyumba hiyo. Mti usiokuwa na nafasi ya kumwandika iweto kwa cheo chake utawafanya watu wazima waonekane hawana baba, mbele ya ukoo mzima. Ni afadhali kutumia daftari la kawaida na kuandika kwa maneno: fulani, wa nyumba ya fulani, aliingia kwa njia hii.

Onyo moja kuhusu maswali. Mwaka 1976 Alex Haley wa Marekani alichapisha Roots, kitabu kilichowafanya mamilioni ya watu duniani watake kujua walikotoka. Alisema aliithibitisha asili yake katika kijiji cha Juffure, Gambia, kwa mdomo wa msimulizi aliyemtaja Kunta Kinte. Wanahistoria waliofuatilia baadaye, akiwemo Donald Wright, walionyesha kwamba msimulizi yule alishajua mapema mgeni wake anatafuta habari gani. Mzee wa Katelembo naye ana adabu. Akiambiwa, "Sisi tulitoka Mbooni, sivyo?", atakubali, hasa kwa kuwa masimulizi mengi ya Wakamba yanaitaja Mbooni. Aulizwe tu: "Babu yako alijenga wapi kabla ya hapa?" Kisha muulizaji anyamaze.

Wageni waombwe kuja na karatasi zao za zamani. Nyingi zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki chini ya vitanda: kipande, ambacho Waafrika wa kiume wa miaka 16 na zaidi walianza kulazimishwa kukibeba shingoni mwishoni mwa miaka ya 1910, barua za kuachiwa kazi jeshini kutoka King's African Rifles, lililoandikisha Wakamba wengi mno, risiti za kodi, kadi za ubatizo, picha zilizopigwa studio Nairobi. Iwekwe meza moja karibu na dirisha, kijana mmoja azipige picha kwa simu, na karatasi irudi mkononi mwa mwenyewe kabla hajasimama. Isiazimwe hata kwa usiku mmoja. Mengi yaliyopotea yalipotea kwa kuazimwa. Picha za vitambulisho zisisambazwe kwenye kikundi cha WhatsApp. Zinabeba nambari za watu walio hai.

Kadi ya ubatizo ndiyo mlango wa daftari la parokia. Waprotestanti wa African Inland Mission walifika Ukambani mwaka 1895, Peter Cameron Scott alipoanzia kazi Nzaui, na Wakatoliki walikuwa na kituo chao kikubwa Kabaa. Daftari la Kikatoliki huandika jina, tarehe, wazazi, msimamizi na padri, na pembeni mwa ukurasa huongezwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Mstari mmoja wa pembeni unaweza kumpeleka mtafiti kutoka Machakos hadi Mombasa. Padri aombwe kwa barua, mapema, kwa jina na mwaka maalumu. Mwenye parokia hawezi kumwachia mgeni avinjari madaftari yote.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na iliyomo katika jengo la zamani la Bank of India kwenye Moi Avenue, ni safari ya yapata kilomita 65 tu, na inafaa iwe ziara ya pamoja baada ya mkutano. Mafaili ya mkuu wa wilaya ya Machakos huanza na alama DC/MKS. Humo mna ripoti za kila mwaka, machifu, kesi za mipaka, njaa, shule. Watu watano wakigawana miaka watafanya kwa siku moja kazi ya mtu mmoja ya wiki nzima. Waende wakijua kwamba karani wa kikoloni aliandika wanaume, tena wale waliolipa kodi, waliogombana au waliopewa cheo. Mama wa ukoo hawamo, ndiyo sababu mahojiano ya susu hayawezi kusubiri ziara ya Nairobi.

Walio ng'ambo wapewe nusu saa ya mwisho kwa simu ya video, na wawekewe swali mapema ili wasitumie muda wote kusalimiana. Wao wanaweza pia kufuatilia RootsTech, mkutano mkubwa wa watafiti wa familia unaofanyika Salt Lake City tangu 2011, ambao tangu 2021 mihadhara yake mingi inapatikana bure kwenye intaneti. Mbinu za kuhifadhi sauti na picha zinazofundishwa huko zinafaa popote.

Yaliyokusanywa yaandikwe ndani ya mwezi mmoja, wakati sauti bado inakumbukwa ni ya nani. Palipo na kauli mbili zinazopingana ziandikwe zote mbili, kila moja na jina la aliyeisema. Nakala moja ibaki kwa katibu wa mbai, nyingine iende kwa nyumba iliyo mbali, na nakala ya kila mahojiano irudi kwa mzee mwenyewe. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma yaliyoandikwa kwa sauti, ili shangazi wa Mwala apate nafasi ya kusimama na kusema, "Hapo mmekosea."

Kamati za mbai zinazoandaa mikutano ya Agosti na Desemba ziiweke saa hiyo kwenye ajenda leo, na zisingoje siku ya turubai kwa wale waliopita miaka 80. Hao wafuatwe nyumbani kwao wiki hii, kwa daftari na simu iliyojaa chaji.